Siku Nilizoandika Kwamba Ng'ambo Inaonekana

Ninyi vijana mnaotunza ile mashine juu ya paa kule Baraka, juzi mlinichekesha hadi mbavu zikauma. Mlinipigia simu wote watatu, mnanyang'anyana kifaa, mkaniambia jangwa limefika. Kila siku saa kumi alasiri namba zinapanda, mkasema, vumbi la Sahara linatua Baraka kwa saa maalumu, jambo ambalo hata boti za Kazimia hazijawahi kuliweza. Nikawauliza kama mmeshuka kuangalia chini ya ukuta. Mkashuka, mkamkuta mama mmoja amepanga samaki wake wa mikebuka juu ya moto wa kuni mbichi, anaikausha kwa soko la kesho, na moshi wote unapanda moja kwa moja mdomoni mwa mashine yenu. Samaki wanono, mlisema. Na hakuna aliyekumbuka kuniletea hata mmoja.

Msione aibu. Mashine ile inanyonya hewa na kuhesabu chembe ambazo jicho haliwezi kuziona, lakini haiulizi chembe zimetoka kwa nani. Kuuliza ni kazi yenu. Ilikuwa kazi yangu pia, huku juu Fizi, tangu nilipokuwa na meno yote hadi nilipobaki na haya mnayoyajua, na nilikosea vibaya kuliko ninyi. Dada yenu Neema, anayewasimamia, ndiye aliyeniomba niandike. "Papa Wilondja," aliniambia, "andika yote, hata ile yenye inauma." Nimekubali, ila nitaanza na za kuchekesha, maana ile inayouma inanichukua muda kuifikia.

Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja nyuma ya biro, yaani ofisi za serikali, na kipande cha uwanja wenye majani mafupi. Uwanjani palisimama sanduku jeupe la mbao lenye matundu ubavuni, ndani yake vipimajoto, na kando yake kopo la kupimia mvua. Chombo cha tatu kilikuwa macho ya Mzee Etabo. Alikuwa mtoto wa mvuvi wa Lweba, mrefu, mkavu, mwenye tai moja aliyoivaa siku za kupeleka ripoti tu. Alikuwa shefu wa kituo, na aliowaongoza walikuwa mtu mmoja, yaani mimi.

Kila asubuhi saa kumi na mbili tulipanda hatua chache nyuma ya biro, mahali ziwa linapofunguka mbele yako, tukahesabu alama tano. Ya kwanza ilikuwa msalaba wa kanisa. Ya pili kona ya barabara inayoshuka Baraka. Ya tatu ufuko wa Baraka wenyewe. Ya nne mgongo wa Ubwari, ile rasi iliyojinyoosha ndani ya ziwa. Ya tano ilikuwa milima ya ng'ambo, upande wa Tanzania, na siku ya kuiona tuliiona kama sikukuu. Uliandika kitabuni namba ya alama ya mwisho uliyoiona, na kando yake, kwenye sehemu ya maelezo, uliandika umeionaje. Kwa mfano: tano, milima miwili, mmoja una bega lililokatika. Ofisi ya juu haikutaka maelezo yale. Yalikuwa sheria ya Mzee Etabo mwenyewe, na aliisimamia kuliko sheria zote za ofisi.

Sheria yake nyingine mnaijua, kwa sababu nimewapigia kelele kuihusu hata ninyi wenye kompyuta. Kosa halifutwi. Hakuna raba, hakuna kukwangua kwa wembe. Unachora mstari mmoja mwembamba juu ya namba mbaya, ili atakayekuja aweze bado kuisoma, unaandika ya kweli pembeni, unatia sahihi. Siku ya kwanza nilikwangua kwa wembe hadi karatasi ikatoboka. Mzee Etabo akaliinua lile jani juani, akachungulia tundu, akaniambia, "Sasa hapa tutasoma nini? Jua?"

Hewa ikichafuka ndipo kazi inapokuwa tamu. Kwetu hapa inachafuka kwa namna nne, na mkizichanganya mtaaibika. Ukungu unalowesha nyusi, na jua likipanda unaondoka. Moshi wa Julai na Agosti, watu wanapochoma majani milimani, unanuka, unawasha macho, na unaangusha majivu meusi uani. Vumbi la barabara linafuata lori, na linaanguka kabla hujamaliza kukohoa. Halafu kuna lile la nadra, la Januari au Februari, mvua inapopumzika kidogo na upepo ukashuka kutoka kaskazini. Halina harufu. Mbingu inakuwa kama maziwa yaliyotiwa maji, jua linafifia mchana kweupe, na hali hiyo inakaa siku mbili au tatu bila kwenda popote. Hilo ni la jangwa.

Tufani ya jangwani inainua mchanga na vumbi kwa pamoja. Mchanga ni mzito, unaanguka karibu na kwao. Zile chembe ndogo kabisa zinapanda juu, upepo unazibeba siku nyingi, zinavuka nchi na nchi ambazo hazina habari nazo. Zinapofika kwetu ni chache, tena zimekwisha kuchanganyika na moshi wetu wenyewe, ndiyo maana kuzitambua ni kazi. Lakini chache hizo zinatosha kulifunika ziwa na kuingia vifuani mwa watu. Mzee Etabo hakuwa na mashine ya kuzihesabu. Alikuwa na sahani nyeupe aliyoipaka mafuta na kuiacha uwanjani, na alikuwa na meno. Asubuhi aligusa kile kilichonasa, akakitia kati ya meno ya mbele, akafumba macho.

"Ya barabara inalia," alinifundisha. "Ya mbali hailie. Iko kama unga ya muhogo yenye bamama bamechunga mara mbili."

Sahani hiyo ndiyo iliyonifanya nichekwe Fizi nzima. Mafuta tuliyotumia yalikuwa ya kujipaka, yale yasiyo na rangi. Siku moja Mzee Etabo amesafiri, kopo la mafuta limeisha, na mimi ni mtoto wa Fizi, nyumbani kuna mafuta gani? Mawese. Nikapaka mawese, kidogo tu, nikayasugua hadi nikaona sahani imebaki nyeupe. Usiku ule huku juu kulikuwa na baridi. Asubuhi nikakuta sahani imejaa punje ndogo nyekundu, zimetapakaa vizuri. Nikakimbilia fonia, ile redio ya mawasiliano ya kituo, nikaita ofisi ya juu, nikatangaza kwa sauti ya mtu mkubwa kwamba vumbi jekundu la jangwa limeanguka Fizi. Wakafurahi sana. Wakataka sahani isafirishwe, isiguswe na mtu.

Mzee Etabo akarudi kabla sahani haijaondoka. Akaitazama. Akagusa kwa kidole, akalamba.

"Hii iko nzuri," akasema. "Inakosa tu sombe."

Mawese, mafuta tunayopikia sombe, yale majani ya muhogo, yalikuwa yameganda kwa baridi, basi. Ninyi mna mama wa samaki, mimi nina sahani ya mawese, na kwa miaka mingi nikipita sokoni wamama wa mafuta waliniuliza jangwa linauzwaje leo.

Mtu wa kwanza aliyenilazimisha kulieleza jangwa kwa maneno ya kawaida alikuwa mke wangu, Bitisho. Alikuwa mwimbaji wa kwaya. Jumamosi moja ya Februari alifua nguo yake nyeupe ya kwaya, akaianika, na mvua kidogo sana ikapita juu yake, matone tu. Nguo ikakauka na madoa ya rangi ya chai. Alikuja nayo mpaka kituoni, ameishika kwa vidole viwili, akaniita kwa jina la binti yetu.

"Baba Mapendo, weye njo unapimaka hewa. Nieleze hii."

Nikamweleza kwamba ni vumbi la jangwa, limetoka mbali sana kaskazini, limekuja juu kwa juu, na mvua imelishusha.

"Jangwa? Jangwa inanijulia wapi miye?"

"Haikujue. Inapita tu."

"Basi ipite bila kugusa nguo yangu."

Akaifua tena jioni ileile. Jumapili aliivaa ikiwa bado mbichi, akaimba mstari wa mbele, na mimi nikakaa nyuma nikimtazama, nguo imemshika mgongoni. Nilimpenda sana yule mwanamke. Naandika "nilimpenda" kwa sababu nazungumzia siku ile, lakini hata leo ni hivyohivyo.

Vita ilipofika kwetu, Bitisho alikuwa chini Lweba kwa mama yake, pamoja na binti yetu Mapendo, mtoto wa miaka minne. Mimi nilikuwa huku juu, na barabara ilifungwa. Nilipoweza kushuka, watu wa ufukoni walikuwa wameshapanda chochote kinachoelea, wamevuka. Nyumbani kwa mama mkwe nilikuta sufuria juu ya mafiga na mlango wazi. Nguo ya kwaya haikuwepo kwenye kamba. Hilo ndilo lililonituliza, maana nilijiambia mtu aliyekumbuka kubeba nguo ya kwaya ana nia ya kuimba tena. Nikapanda kurudi Fizi nikiwa nalia kama mtoto.

Miezi ikapita. Kisha mchuuzi mmoja wa samaki wa Kazimia, aliyekuwa akivuka na kurudi, akaniletea neno: Bitisho na Mapendo wako hai, wako kambini, ng'ambo. Siku zile mvua zilikuwa zimeosha hewa, na kila asubuhi alama ya tano ilisimama mbele yangu, bega lililokatika na yote. Nikamwambia mchuuzi, mwambie mke wangu kwamba kila asubuhi saa kumi na mbili naiona milima ya huko aliko. Ilikuwa kweli tupu. Jibu likaja baada ya majuma matatu. Mchuuzi alilisema kwa sauti yake nzito, lakini maneno yalikuwa ya Bitisho: "Mi pia, kila asubuhi minapanda kamulima iko hapa, minaona milima ya Fizi. Angalia huku, mi ninaangalia huko."

Nilijua kambi iko ndani, mbali na maji. Lakini alisema kuna kilima, na mimi nilikiamini kile kilima kuliko ramani. Kuanzia siku ile saa kumi na mbili haikuwa tena saa ya kazi tu. Nilisimama pale nyuma ya biro nimechana nywele, na kila mchuuzi alipovuka nilimtuma na neno lilelile, kwamba naiona ng'ambo.

Januari ikaja na mbingu ya maziwa. Asubuhi ya kwanza nilisimama nikaona kona ya barabara, basi. Alama ya pili. Ubwari hakuna, Baraka hakuna, ziwa lenyewe hakuna. Nikangoja nusu saa nzima. Nikamwaza Bitisho amesimama juu ya kilima chake, anaona milima ya Fizi, na mumewe hamuoni. Nikarudi ndani nikaandika tano.

Mzee Etabo alisoma kitabu, akatoka nje, akatazama, akarudi.

"Umeona nini leo?"

"Ng'ambo, Muzee."

"Iko namna gani?"

Sehemu ya maelezo ilikuwa tupu. Akanisogezea kitabu na kalamu.

"Kama hauone, andika hauone," akasema polepole. "Hii kitabu haiko barua ya kuandikia bibi yako."

Nikachora mstari mmoja, nikaandika mbili, nikatia sahihi. Mkono wake ulikuwa begani mwangu wakati wote. Hakupeleka habari ofisi ya juu, na hakuitaja tena siku ile hadi alipokufa.

Alikufa kiangazi kilichofuata, kifua kilimsumbua kwa siku chache tu. Tulimzika Lweba, karibu na mitumbwi ya ndugu zake. Sikuwa tena na mtu wa kuniuliza iko namna gani.

Mwaka huo huo tulikutana na Bitisho kwa siku tatu, Kigoma mjini, kwa ndugu yake, maana karatasi yake ya ruhusa ya kutoka kambini ilikuwa ya siku tatu. Mapendo alikuwa amesahau sura yangu. Alinitazama akiwa nyuma ya kitenge cha mama yake, na siku ya pili akaniletea maji ya kunawa. Siku ya tatu Bitisho akaniambia tuende wote kambini, niandikishwe, tuishi watu watatu kama zamani. Nikamwambia kituo hakina mtu. Nikamwambia kila siku isiyoandikwa inaacha tundu kitabuni, na matundu hayo hakuna atakayeyaziba. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na hapa?" akauliza. "Hapa hauone tundu?"

Nikapanda boti. Vijana, hilo ndilo ninalolirudia kila siku ninapoamka. Hakuna shefu aliyenilazimisha, na mshahara wenyewe ulikuja ulipotaka. Nilichagua kitabu. Baadaye majina ya watu wa kambi yalipoandikwa kwa safari ya Amerika, yaliandikwa ya waliokuwepo, na mimi sikuwepo. Bitisho na Mapendo walipelekwa katika mji mmoja wa joto kali, pembeni ya jangwa. Fikirieni hilo, mwanamke yule aliyekuwa hataki jangwa liguse nguo yake.

Na kitabu nilichokichagua badala yao, nilikifanyaje? Kila vumbi la mbali lilipofika na kuifunika ng'ambo, siku ya kwanza niliandika kweli, ya pili niliandika kweli, ya tatu nikashindwa. Niliandika tano. Nilifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, hata baada ya Bitisho kuondoka kule kambini, wakati ng'ambo hakuna tena mtu wangu. Msiniulize kwa nini. Mkono ulizoea, na moyo nao ulikuwa bado unachana nywele asubuhi.

Nilistaafu, kituo kikafungwa, vitabu nikavihifadhi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Nilidhani nitakufa navyo. Ndipo akaja Neema kutoka Bukavu na kompyuta yake, kabla hamjaajiriwa ninyi, akasikia kwamba kuna mzee Fizi mwenye vitabu. Alifurahi hadi akanikumbatia. Kabla ya mashine, aliniambia, hakuna aliyejua kwa hakika ni siku zipi vumbi la jangwa lilifika kwenye ziwa hili. Kuna picha zilizopigwa kutoka angani, lakini picha inaonyesha vumbi liko juu, haisemi kama limeshuka hadi puani kwa watu. Kitabu changu kingeweza kusema. Akavibeba vyote.

Baada ya miezi miwili akarudi navyo, na uso wake haukuwa uleule.

"Papa, kuna siku hazikubaliane," akasema. "Picha inaonyesha vumbi. Vituo vingine vya ziwa vinaandika vumbi. Weye unaandika ng'ambo inaonekana."

Nikavuta kitabu kimoja karibu yangu.

"Bakubwa bangu banasema, kama haijulikane siku gani iko ya kweli na gani haiko, tuache vitabu vyote. Mi nimewaomba banipe nafasi nikuulize weye kwanza."

Mnaelewa nini kilikuwa mezani pale? Si karatasi. Kama vitabu vile havina maana, basi nilipanda boti ile Kigoma kwa ajili ya kitu kisicho na maana. Nilimwacha mke na mtoto kwa ajili ya namba, kisha nikaziharibu namba kwa sababu ya kuwatamani. Nilimwambia Neema yote, kama nilivyowaambia ninyi hapa. Hakunihukumu. Aliwasha jiko la makaa, akaweka chai, akanipa kalamu nyekundu.

Tukafanya hivi. Yeye alificha orodha yake ya siku zenye mashaka, mimi nikafungua vitabu bila kuiona, jani kwa jani, kwa siku mbili. Nilitafuta tano zisizo na maelezo. Mkono wangu, vijana, ulikuwa umeweza kudanganya namba lakini uliona haya kudanganya maneno. Kila nilipokuta tano iliyokaa peke yake, nilichora mstari mmoja mwembamba, nikaandika pembeni "sikuona", nikatia sahihi na tarehe ya leo. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Kuna Februari moja nilichora mistari mitatu, ikanibidi nitoke nje nipumue.

Kisha Neema akatoa orodha yake, tukalinganisha. Karibu zote zilikuwemo. Mbili nilikuwa nimezikosa, kwa sababu siku hizo mbili nilikuwa nimeandika hata bega lililokatika, kwa kunakili ukurasa wa nyuma. Hizo ziliniuma kuliko nyingine zote, nami nikazichora. Ikabaki siku moja.

"Na hii, Papa? Picha inaonyesha vumbi mingi kabisa."

Nikasoma maelezo yangu: mvua kabla ya mapambazuko, milima safi, boti moja yenye tanga jekundu inatoka nyuma ya Ubwari.

"Hii sichori," nikamwambia. "Ile siku niliona."

"Lakini picha..."

"Picha ilikamatwa saa ngapi?"

Akatafuta kwenye kompyuta yake. Akaanza kucheka. "Saa saba ya mchana."

"Mimi niliangalia saa kumi na mbili ya asubuhi. Mvua ilikuwa imeshusha vumbi. La mchana ni lingine, lilikuja baadaye. Andika vile."

Akaandika vile. Vitabu vilikubaliwa, pamoja na mistari yake myekundu, na Neema aliniambia wakubwa wake walipoiona mistari ile ndipo walipoamini yaliyobaki. Mzee Etabo angecheka. Ndiyo sababu nawasumbua ninyi kila siku kwamba msifute, mchore.

Nilipaswa kuishia hapa, lakini Neema alisema yote.

Kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuwa mtu wa kweli, niliona siwezi kumwacha Bitisho nje ya jambo hili. Tunazungumza kwa simu. Jioni yetu ni asubuhi yao, na mtandao mzuri huku Fizi uko palepale nyuma ya biro, mahali pa alama tano. Nikapanda saa kumi na moja jioni, nikampigia. Nikamwambia kwamba kwa miaka yote ile, siku nyingi nilizomtumia neno kwamba nimeiona ng'ambo, sikuwa nimeona kitu. Lilikuwa vumbi. Niliandika naona kwa sababu yeye alikuwa juu ya kilima chake ananiangalia, na sikutaka awe anaangalia peke yake.

Nikasikia anafunga bomba la maji.

"Baba Mapendo," akasema, "kamulima hakukuwa."

"Namna gani hakukuwa?"

"Hakukuwa. Kambi ilikuwa miti na mahema. Hata ziwa sikulione siku moja. Milima ya Fizi ningeionea wapi?"

"Sasa sababu gani ulisema unaona?"

"Sababu weye njo ulianza kusema unaona."

Nilikaa chini kwenye majani. Nilimsikia anapumua, na nyuma yake magari ya mji ule ambao sitaufikia. Kisha akaanza kucheka, kicheko chake kilekile cha kwaya, nami nikacheka, na machozi yakanitoka palepale njiani, watu wa sokoni wanapita wananisalimia.

"Na leo?" nikamuuliza. "Huko unaona nini?"

Nikasikia anavuta pazia. "Jana jioni vumbi ilikuja, kubwa kama ukuta. Mupaka sasa haijashuka. Sione hata nyumba ya jirani. Na weye?"

Nikageuka. Ilikuwa Januari. Msalaba wa kanisa upo, kona ya barabara ipo. Baada ya hapo, maziwa yaliyotiwa maji hadi mwisho wa dunia.

"Mi pia sione kitu," nikamwambia.

"Njo vizuri," akasema Bitisho. "Andika vile."

Tangu siku ile tunapigiana kila jioni, saa kumi na moja ya huku. Kila mmoja anamwambia mwenzake anachokiona, na siku nyingi sana hakuna anayeona kitu.